Tochi ya Msafisha Matangi

Kwamba rahisi ni ghali, fundi redio aliujua msemo huo kuliko mtu yeyote mtaani, maana ndio uliomlisha. Hata hivyo tochi aliyomnunulia mkewe ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote dukani, ile ya kuvuta kichwa ili mwanga ukusanyike. Boksi lilijigamba kwamba inamulika kilomita mbili. Maboksi hayaogopi kusema uongo.

Mkewe alisafisha matangi ya maji, yale makubwa ya chini ya ardhi. Juzi tochi yake ya zamani ilimzimikia ndani, akakaa gizani akiita mpaka wenzake waliposikia. Alirudi nyumbani anacheka. Mumewe hakucheka. Aliogopa, aliogopa kweli, kwamba siku moja mwanamke huyu atashuka asipande tena.

Basi akaifungua tochi mpya. Akaunga waya wa shaba kwenye springi ili umeme upite bila kizuizi, akabadilisha chipu ya taa, kile kipande kidogo cha mraba kinachotoa mwanga, akafunga. Nje jua lilikuwa linawaka, lakini alipofunga mlango wa karakana ndani kukawa giza totoro. Akamulika ukuta wa mwisho. Mwanga ukatapakaa kama uji uliomwagika. Akavuta kichwa, na duara likajikusanya likawa mraba mdogo mkali, kama ilivyo kawaida ya tochi hizi: ule mraba ni picha ya chipu yenyewe.

Katikati ya mraba palikuwa na mtu amesimama.

"Vumbi tu hili," akasema kwa sauti, kama anayemtuliza mteja. Akasugua lenzi kwa pamba na spiriti. Mtu yupo, tena amekaribia. Akang'oa chipu, akaweka nyingine. Sasa mabega yakaonekana, na mikono mirefu kupita kiasi. Akarudisha kichwa cha tochi ndani, mwanga ukapanuka: ukuta, rafu, maredio yake, basi. Nywele zikamsimama.

"Baba watoto! Umemaliza?" mkewe aliita nje. "Wenye tangi wananisubiri!"

Mafundi wana dhambi yao moja: kasoro ikiwashinda, wanaifunika. Akakamua gundi shingoni mwa tochi ili kichwa kisivutike tena. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na mke anayesubiri mlangoni.

"Mbona haivutiki?" mkewe akauliza.

"Zinaharibika haraka zikivutwavutwa. Mwanga mpana unakutosha."

"Haya, daktari wa maredio."

Alitaka kumwambia ukweli, lakini akaacha. Angechekwa. Na ile tochi ya zamani ingezimika tena. "Leo nakusindikiza," akasema.

"Makubwa! Tangu lini?"

Kwenye tangi wenyewe waliwafungulia mfuniko wakaondoka. Fundi alishika ngazi kwa mikono miwili, mkewe akashuka. Mwanga ukajaa kule chini, brashi ikaanza kukwaruza.

"Mume wangu, taa yako kiboko!"

Akashusha pumzi. Akajiona mjinga kwa hofu zake.

Kisha brashi ikanyamaza.

"Baba watoto."

"Naam."

"Ungeniambia umeleta kibarua, umenishtua bure. Mbona namsalimia hajibu? Mwambie asogee, amenikaribia mno."

Hakuna mwingine aliyepita kwenye ngazi ile. Fundi alijua, mikono yake haikuwa imeiachia hata kidogo.

"Zima tochi!" akapiga kelele. "Mke wangu, izime!"

Ikazimika. Halafu ngazi ikaanza kutikisika mikononi mwake, mtu anapanda, kidato baada ya kidato, polepole.

"Ni wewe?" akanong'ona. "Mke wangu, ni wewe?"

Mkewe akajibu kutoka mbali, kule chini kabisa.

"Wapi? Mimi bado naitafuta ngazi."

Miguu ilimwambia akimbie. Lakini ngazi ilikuwa hiyo hiyo moja, na mama wa watoto wake alikuwa bado chini, kwa hiyo akaendelea kuishika.