Mizani Iliyoombewa

Lidwina, mchapaji wa ofisi, asipoifanya mizani ipime leo mbele ya wakulima, anarudi kwao Ruhuwiko kukaanga vitumbua na mama yake. Mama Kunegunda, tajiri wao, aliyeanza kununua mahindi mara tu watu binafsi waliporuhusiwa, alishasema: chumba cha kompyuta kitabaki na mtu mmoja, yule atakayeifanya mizani mpya ya kompyuta ipime.

Rupert alishajiona ndiye. Karudi na cheti cha Dar, tai haimtoki shingoni hata akienda chooni. Kaandika programu kwenye kompyuta ya ofisini, humo imekubali vizuri, kaimwaga kwenye mizani kama ilivyo.

"Kaka Rupert," Lidwina akamwambia, "prosesa ya mizani, ule ubongo wake, siyo sawa na ya kompyuta hii. Badilisha seting kwanza, programu itengenezwe kwa ajili ya prosesa ile. Hivi mizani haitaelewa kitu."

"Dada, kompyuta ni kompyuta. Wewe kachape barua."

Sasa Songea mashine mpya haiwashwi hivi hivi, lazima ibarikiwe. Padre Sixbert kafika na bakuli lake la maji ya baraka, wakulima wamejaa uani, gunia liko juu ya mizani. Rupert kabonyeza. Kimya. Kabonyeza tena. Kioo cheusi tii.

"Padre, tuongezee maombi kidogo," akasema, jasho linamchuruzika.

Padre akaanza litania ya watakatifu. Watu wote magotini, macho yamefumbwa, Rupert mbele kabisa. Lidwina akanyata hadi kwenye kompyuta, akabadilisha mstari mmoja wa seting, akaitengeneza programu upya, akaipitisha kwenye waya. Watakatifu ni wengi, muda ulimtosha. Amina ilipoitikiwa, mizani ikawaka: kilo tisini na mbili.

Vigelegele.

"Mnaona nguvu ya imani," Rupert akasema, anaweka tai sawa. Mama Kunegunda akamshika mkono. "Mwanangu, kazi ni yako."

Lidwina akarudi kwenye kompyuta. Akarudisha programu ya Rupert kama alivyoikuta. Kioo kikafa.

"Haya kaka, maji hayo. Nyunyiza."

Na Rupert, jamani, akanyunyiza. Akanyunyiza mpaka gunia likalowa.

Padre akamnyang'anya bakuli. "Mimi nabariki mashine, kijana. Siziandikii programu."

Mama Kunegunda akamgeukia Lidwina. "Ulifanya nini pale mwanzo?"

"Nilibadilisha seting, mama, nyie mkisali."

"Ibadilishe tena. Na kuanzia leo ufunguo wa chumba unakaa nao wewe."