Lango la Ini

Jumatatu, tarehe 14 Novemba 1966. Alfajiri kulinyesha mvua haba, ya kulowesha vumbi tu, na jua lilipochomoza seng'enge iliyozunguka kijiji iling'aa matone kana kwamba ni pambo. Hirsi Nuh alimshukuru Mungu kwa mvua, kisha akamwomba msamaha kwa jinsi alivyoichukia seng'enge ile.

Serikali ilipaita kijiji. Watu mia tisa walikuwa wamekusanywa humo na mbuzi wao, maili sita kutoka Garissa, ili mashifta, waasi wa porini, wasipate wa kuwalisha. Lango lilikuwa moja, na aliyepenya kwingine alipigwa risasi.

Hirsi alikuwa dresa wa kijiji, mfunga vidonda na mgawa vidonge. Yeye peke yake alikuwa na pasi ya kutoka kila siku, akachukue dawa mjini na, baada ya alasiri, aingie darasa la ngumbaru. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na Alhamisi ya wiki ile angefanya huko mjini mtihani wa darasa la saba. Miaka mitatu hakusujudu bila kuuombea.

Asubuhi hiyo Rukiyo alimjia analia. Mumewe, Olow, alikuwa na homa siku ya kumi sasa, na maumivu chini ya mbavu za kulia yaliyomnyima usingizi. Hirsi aliijua habari ile tangu mwanzo. Miezi miwili nyuma Olow aliharisha damu kwa maji ya kisima cha kijiji, na baadaye ini likavimba. Tangu Jumamosi Hirsi alikuwa akimpa vidonge vya klorokwini, vya malaria lakini hutibu na ini, ila uvimbe ulizidi. Sasa ilitakiwa sindano ndefu ya daktari wa Garissa, ya kuvuta usaha kabla haujapasukia tumboni. Lori la posho lingerudi mjini saa tatu, na baada yake hapakuwa na jingine hadi Ijumaa.

Rukiyo alikuwa ametoka langoni kuomba ruhusa, na Kiswahili chake kilikuwa cha soko la mbuzi. Neno ini hakulijua. Wasomali huliita *beer*, naye akalisema vivyo hivyo.

"Bwana yangu nagonjwa ya *beer*."

Koplo Kilonzo, mtu wa Kitui, alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mwadhini wenu anakunywa bia? Na mimi hapa koo limenikauka mwezi wa pili, hata kunikaribisha hakuna?" Kisha akaandika katika daftari la lango: *Olow Sugow, ugonjwa wa pombe, asitoke.*

Mzaha ulifika nyumbani kabla ya Rukiyo. Olow, aliyewaadhinia watu kila alfajiri, aligeuza uso akatazama ukuta wa makuti.

Hirsi alikwenda langoni akaeleza kwamba lililosemwa si bia. Koplo alimsikiliza huku akichokoa meno. Akasema kila anayetaka kutoka ni mgonjwa, na wa mwisho aliyetoka akishika tumbo sasa anashika bunduki. Tena, aliuliza, kama mtu aliharisha tumbo, ini limeingiaje? Na kama ni ini, mbona vidonge havimponyi?

Yalikuwa maswali ya haki. Hirsi aliyajibu kwa namna moja tu aliyoijua, aliyofundishwa na daktari mmoja alipokuwa mfagiaji wa wodi.

Rukiyo alikuwa amechinja mbuzi wa sadaka ili mumewe asomewe Yasini. Hirsi alimwomba ini, moyo na utumbo, vyote vikiwa bado vimeshikana.

"Ini ni la mgonjwa, walaal, ndugu yangu," alisema Rukiyo. "Ndilo peke yake atakalomeza."

"Niachie, dada. Leo litamsaidia bila kuliwa."

Alivitandaza juu ya gunia mbele ya lango. Wanawake wa foleni ya posho walisogea, na askari watatu nao. Alivuta dawa ya vidonda, ile ya zambarau, kwenye bomba la sindano, akaitia katika mshipa mwembamba wa utumbo, akasukuma polepole.

Zambarau ilitambaa, ikaingia mshipa mnene kama kidole, ikazama ndani ya ini. Ini likabadilika rangi, tawi kwa tawi. Moyo ulibaki mwekundu. Watu waliochinja tangu utotoni walitazama kama wageni.

"Damu ya utumbo haikimbilii moyoni, afande," alisema Hirsi. "Hupita hapa kwanza, ini likague. Hili ndilo lango. Uchafu wa maji ulipita hapa, na kidonge akimeza hupita hapa hapa, kimfuate adui kwa njia yake. Lakini usaha ukishajaa, katikati yake damu haifiki. Na dawa hupanda damu kama abiria. Damu isipofika, dawa haifiki."

Koplo aliinama akaligusa ini kwa kijiti. "Basi ini ni kama mimi."

"Ni kama wewe, afande." Kwamba ini huweza kufa kwa kile lilichokizuia ndani, Hirsi hakulisema.

Koplo alifungua daftari, akafuta *pombe*, akauliza herufi za ini ni ngapi. Lakini kalamu ilipokaribia neno *asitoke*, ikasimama. Alikuwa na amri ya mtu mmoja tu nje kwa wakati mmoja. Olow akitoka, pasi ya Hirsi ingebaki mezani mpaka Olow arudi, iwe siku tatu, iwe mwezi.

Lori lilikuwa limeanza kunguruma. Hirsi alihesabu: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Alitazama seng'enge pande zote nne, na matone yalikuwa yamekauka. Moyoni alisema, Ya Rabbi, Wewe ndiye uliyenipa kusoma. Akaichomoa pasi mfukoni, akaiweka juu ya daftari.

"Karatasi hupotea," alisema Koplo. "Sema, wasikie wote."

Rukiyo alikuwa amefika, amemshika Olow kiunoni. Hirsi aliinua sauti.

"Mimi Hirsi Nuh, mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu nyote, sitavuka lango hili mpaka Olow Sugow arudi kwa miguu yake. Na asiporudi, nitafuteni humu humu."