Pua ya Mpishi

Miezi mitano ilikuwa imepita mpishi hajasikia harufu ya kitu chochote. Homa ilimlaza wiki mbili, akapona, lakini pua haikurudi. Kitunguu, sabuni, moshi, vyote kwake vilikuwa sawa na maji. Hakumwambia mtu, hata binti yake wa sekondari, ambaye waliishi naye wawili tu. Nani angeajiri mpishi asiyenusa? Akawa anapika kwa macho, kwa saa na kwa kijiko cha kupimia, na kila mtu alipoonja chakula chake, moyo ulimwenda mbio.

Siku hiyo alikuwa kwenye majaribio. Mama mmoja, daktari wa meno, alitafuta mpishi wa nyumbani kwake: kulikuwa na yeye, mumewe, pacha wa miaka minne, na mama mkwe, waliyemwita Bibi, mwenye presha na aliyekatazwa chumvi.

"Wanne wameshapita hapa," daktari alimwambia. "Wa mwisho, Bibi alimwambia mchuzi wake unafaa kubandikia vigae."

Mpishi akacheka.

"Leo pika cha mchana tu. Kuku, viazi, na mchuzi wa Bibi pembeni. Tukila kimya, kazi ni yako." Kisha daktari akafungua friji, akatoa mfuko wa nyama ya kusaga na kumsogezea usoni. "Hebu nusa. Bado nzima hii?"

Mpishi aliinama juu ya mfuko. Hakuna. Kama kunusa ukuta.

"Nyama ikishakutia shaka," alisema taratibu, "itupe tu."

"Umesema kweli," daktari alijibu, akaitupa, akaenda sebuleni kupokea simu.

Mpishi alishusha pumzi. Kabla ya kuanza aliuvuta mtungi wa gesi afagie nyuma yake, kama alivyozoea kila jikoni alikofanya kazi, akaurudisha. Hakuona kwamba mpira wa gesi ulikuwa umelegea kwenye koki, nayo koki ilikuwa wazi. Akafungua bomba, akaosha viazi, akamenya, akakata kuku. Maji yalimiminika kwa kelele. Pacha walikuwa wamekaa mlangoni wakigombania mwiko. Alipomaliza, alijifuta mikono, akachukua kiberiti, akatoa njiti.

"Weka chini! Weka hicho kiberiti chini!"

Bibi alitokea koridoni, kiganja puani, miguu mitupu. Mpishi aliganda. Njiti ilikuwa imeshagusa ubavu wa kiberiti.

"Gesi imejaa mpaka chumbani kwangu! Wewe husikii?"

Bibi alifunga koki mwenyewe, akasukuma dirisha. Daktari alikuja mbio, akawakwapua pacha mmoja huku, mwingine kule, wote wakatoka uani. Akili ya mpishi ilikuwa imenasa kwenye ile njiti, kidole kikiisukuma, ikirudi, kikiisukuma tena.

"Pole sana, dada," daktari alisema akihema. "Ule mpira mume wangu nimemwambia mara ngapi aubadilishe! Ni aibu yetu. Hewa ikishasafika utarudi umalizie."

Mlango wa kazi ulikuwa wazi hivyo. Kunyamaza tu kulitosha. Mpishi aliwatazama pacha, mmoja bado ameng'ang'ania mwiko, na akaona hawezi.

"Si kosa la mpira," alisema. "Mtungi niliuvuta mimi. Na sikusikia harufu. Tangu niugue sisikii harufu yoyote."

Daktari alimtazama, kisha akambeba pacha wa kwanza, na wa pili naye, ingawa walikuwa wazito.

"Ulikuwa unawasha."

"Ndiyo."

"Na hawa wako mlangoni."

"Ndiyo."

"Siwezi, dada. Hata ukipika vipi. Siwezi."

Bibi ndiye aliyemletea mkoba wake na kumsindikiza getini. Hakumgombeza.

"Kwako mnapikia nini, mwanangu?"

"Gesi."

"Unakaa na nani?"

"Binti yangu. Leo shule wametoka mapema."

"Anajua habari ya pua yako?"

Damu ilimwishia mpishi usoni. Alitoa simu, akampigia binti. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita, ikakata. Hakuaga. Alikimbia barabara nzima, mkoba ukimpiga ubavuni, watu wakimpisha. Asubuhi alikuwa amechemsha chai. Je, alizima vizuri?

Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa, madirisha pia. Binti alikuwa amelala kwenye kochi, kinywa wazi, hatikisiki. Mpishi alimrukia, akamtikisa kwa mikono miwili.

"Mama! Utaniua!" Binti alichomoa visikilizio masikioni. "Kuna nini?"

"Nusa!"

"Ninuse nini?"

"Jikoni. Mtungi. Nusa!"

Binti alianza kucheka, akauona uso wa mama yake, cheko likamkatikia mdomoni. Alikwenda, akapiga magoti, akanusa koki, mpira, jiko, kona zote. Mpishi alisimama mlangoni, hathubutu kuvuta hewa.

"Hakuna kitu, Mama."

Mpishi aliketi sakafuni palepale, akamweleza yote, tangu homa hadi ile njiti. Binti aliikaza koki ya mtungi, ingawa ilikuwa imefungwa, kisha akafungua mlango wa nyuma, akaja kuketi karibu yake.