Chaki Mlangoni

Siku ya kwanza niligonga milango kumi na tisa ya lokesheni, mtaa wa Waafrika ulio nyuma ya stesheni ya Voi, nikiuliza swali moja: mngependa bomba la maji liwekwe wapi? Ilikuwa mwaka 1956, nami nilikuwa nimetoka chuoni mwezi ule ule na kuajiriwa ofisi ya wilaya. Niliamini swali likiulizwa kwa heshima hujibiwa kwa heshima. Watu walinijibu kwa mkato, lakini walijibu. Kila nyumba niliyoimaliza niliitia alama ya chaki mlangoni, nisije nikawasumbua mara mbili.

Kesho yake alama zote zilikuwa zimeoshwa. Maji yao yalitoka stesheni, debe kichwani, na bado walikuwa wameyamwaga milangoni.

Mlango wa Mwanamina, mjane aliyeuza mahamri, ulikuwa ungali unachuruzika. Alisimama kizingitini na kitambaa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Wewe ndiwe mwenye chaki?"

"Ni mimi, mama. Ilikuwa tu nisi—"

"Mwaka juzi alikuja bwana afya. Naye alikuwa na adabu zake. Akachora hapo hapo. Jumatatu wakaja na mitaimbo, nikalala nje na wanangu. Hii nimeijenga upya."

"Mimi nimeleta habari ya bomba."

"Yeye alileta habari ya choo."

Jirani yake Mulei, fundi wa reli, alikuwa ameegemea ukuta. "Kijana wa Wusi," akasema, "huko kwenu mlimani, nyumba mkiipenda mnaipaka chaki?"

Watu wakacheka, bila urafiki wowote.

Nikatoa karatasi. "Basi niambieni mnachotaka. Nitaandika neno kwa neno."

"Andika nyumba yangu isiguswe," akasema Mwanamina. "Bomba lenu lipelekeni porini."

Nikaandika. Akachomoa chaki mfukoni mwangu, akanishika bega, akanigeuza na kuchora mstari mrefu mgongoni mwa koti langu.

"Nawe ngoja Jumatatu."

Nilirudi ofisini na mstari ule. Mkubwa wangu alikuwa ametandaza ramani mezani, penseli nyekundu mkononi.

"Bomba linataka njia," akasema. "Nyumba zenye alama wenyewe wamekubali. Nionyeshe."

"Walijibu swali tu, bwana. Hakuna aliyekubali kuvunjiwa."

"Aliyejibu amekubali. Ni zipi?"

"Alama zimeoshwa."

"Lakini unazikumbuka."

Nilizikumbuka zote kumi na tisa, hata rangi za milango. Nikamgeuzia mgongo.

"Iliyobaki ni hii, bwana."

Akaweka penseli chini. Kisha akaniambia niache karatasi na niende nyumbani. Karatasi nilitoka nazo.

Jumatatu, nje ya ofisi, baiskeli yangu ya kazi ilikuwa na mtu mwingine. Alikuwa akifunga kopo la rangi ya mafuta, isiyooshwa kwa maji, kwenye keria, akilifunga polepole, kwa uangalifu, kama nilivyokuwa nikifunga mimi.

Nikavuka reli kwa miguu, nikikimbia, nifike kwa Mwanamina kabla yake.