Maua Yanayofumba Mchana

Baba alichagua kiwanja namba mbili kwa makusudi. Siku ya kugawa viwanja tulifika uwanja wa maonyesho geti halijafunguliwa, tukawa wa kwanza kwenye foleni. Namba moja hakuitaka kwa sababu iko getini, watu wanaikanyaga. Kila mwaka majaji wa mashindano ya bustani wanaanza saa tatu asubuhi, wanaanzia namba moja. Kwa hiyo saa tatu na robo wangekuwa kwetu, na saa tatu na robo maua yetu yote yamechanua.

Ni yale mafupi yanayotambaa, majani yake manene kama punje za mchele. Jua la asubuhi likiyapiga yanafunguka. Ikifika saa nane mchana yanafumba, na hapo ukiyaangalia utadhani mtu kamwaga mboga iliyochacha.

Ramani niliichora mimi kwenye daftari la hesabu. Mekundu katikati, yakizungukwa na ya machungwa, kisha ya njano, mpaka meupe ukingoni. Kijia cha kokoto, benchi moja, basi. Miche mia saba na ishirini. Tangu apate kiharusi mkono wa kushoto wa Baba haushiki, kwa hiyo mimi nilitoboa shimo kwa kijiti, yeye akaweka mche, mimi nikafukia. Wiki tatu hivyo.

Maneno yake nayo yanatoka yamevunjikavunjika. Nyumbani ni mimi tu ninayemwelewa vizuri. Ndiyo maana wa kuongea na majaji nilikuwa mimi, ambaye shuleni wananiita Bubu.

Mshindi anapewa shamba dogo nyuma ya uwanja, lenye bomba, miaka mitatu. Sisi miche yetu tunaiotesha ukutani kando ya barabara, na barua ya kutuondoa imeshakuja. Mwisho wa mwezi.

Jirani yetu wa namba moja ni Mzee Chemchemi. Kila mwaka anajenga chemchemi, hajui kingine.

"Bwana Miche," alimwambia Baba asubuhi ya mashindano, "mwaka huu umeleta zulia? Nivue viatu?"

Baba alicheka kwa upande mmoja wa uso. Maua yalikuwa yamechanua, hata Mzee Chemchemi alikuwa anayachungulia kwa wizi.

Saa tatu ikapita. Saa nne. Mgeni rasmi kachelewa. Saa sita kipaza sauti kikasema majaji wataanzia namba thelathini, "maana hata wa mwisho ni watu." Watu wakapiga makofi.

Baba akaniangalia, akaangalia jua.

Walitufikia saa tisa na nusu. Majaji watatu, mbele mama mmoja wa kofia pana. Bustani yetu ilikuwa ya kijani iliyofifia, imejikunja yote.

"Jamani, hawa wameleta bustani au wameleta lishe ya mbuzi?" Wenzake wakacheka. Akanigeukia, kwa upole kabisa. "Haya binti, tuelezee."

Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya ndoo mwezi mzima. Sikusahau hata neno moja. Nilitakiwa kusema tu: yanachanua asubuhi, tafadhali rudini kesho.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Ehe?"

Ulimi ukaganda. Baba akajaribu mwenyewe. Sauti ikatoka, na mate. Jaji kijana akarudi nyuma hatua moja, akaandika kitu.

"Asanteni kwa kushiriki," mama wa kofia akasema. Wakahamia kwenye chemchemi.

Baba hakunigombeza. Angenigombeza ningepata pa kulilia.

Kesho yake tulirudi kung'oa, kwa sababu viwanja vinatakiwa vitupu kabla ya saa sita. Jua lilikuwa limeshapanda. Yalikuwa yamechanua yote mia saba na ishirini, kama ile ramani, hata kuizidi.

Kibarua wa uwanja alisimama na jembe lake. "Haa! Haya jana mbona hayakuwepo?"

Nikamwambia. Hotuba yote, toka mwanzo, kijia, rangi, jua, saa nane. Sikukwama popote.

"Sasa si ungewaambia wao?" akasema.

Mzee Chemchemi, ambaye ndiye alishinda, alikuja akakaa kwenye benchi letu. Akamwambia Baba, "Ndugu yangu, ningekupa kipande cha shamba, lakini karatasi inasema jina moja tu." Baba akaitikia kwa kichwa, akainama, akang'oa mche wa kwanza kwa mkono wa kulia.

Tukaijaza kwenye magunia manne ikiwa imechanua. Kibarua alikuwa anasawazisha nyuma yetu, hatua kwa hatua, hata kijia hakikubaki.

Tulipofika ukutani kwetu nilifungua gunia moja. Yalikuwa yameshafumba.

"Saa ngapi?" Baba akauliza. Nilimwelewa, kama kawaida.

Nikalifunga gunia.