Somo la Sita

Mkuu wa shule alinichagua mimi kufundisha elimu ya fedha kwa sababu moja tu: nafundisha hesabu. Kwa akili yake, mtu anayejua kugawanya sehemu kwa sehemu hawezi kulala na deni. Mimi nami nilikubali kwa sababu moja. Posho ya semina hiyo ya siku moja ilitosha kulipa rejesho moja kati ya manne niliyodaiwa na chama chetu cha akiba na mikopo. Wanasema mganga hajigangi, lakini sijasikia aliyesema mganga asilipwe.

Ilikuwa Jumamosi, kwenye maktaba ya shule. Walikuja walimu wenzangu na wazazi waliosoma tangazo getini. Nikaandika ubaoni masomo yetu sita kwa mpangilio wa kitabu: mapato, matumizi, bajeti, akiba, mikopo, dhamana. Kabla sijaweka chaki chini, fundi baiskeli aliyeketi nyuma akanyoosha mkono.

"Kokotoa, mimi hela yangu ikija haikai hata kuvua viatu. Hiyo bajeti nimwandikie nani?"

Kokotoa ni jina nililopewa na wanafunzi, na wazazi wamelirithi. Watu walicheka, nami nikacheka nao, tena kwa sauti kuliko wote. Kwenye mkoba wangu, chini ya kile kitabu cha mafunzo, kulikuwa na barua isiyokuwa yangu.

Mwaka jana nilichukua mkopo wa chama ili kaka yangu anunue mashine ya kusaga. Mashine ilinunuliwa, ikafungwa, ikasaga wiki tatu, halafu ikavunjika kipuri ambacho mpaka leo hatujakipata. Sasa kuku wa shemeji wanatagia juu yake. Shule yetu ni ya binafsi na mshahara huja unapojisikia, kwa hiyo kila mwalimu hupeleka rejesho lake mwenyewe dirishani. Nikakopa kwenye simu ili nilipe chama, kisha nikakopa kwingine kwenye simu hiyohiyo ili nilipe ule wa kwanza. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilifika matangani bila hata kuonja pilau ya harusi.

Miezi minne ilipopita bila rejesho, karani wa mikopo alimwandikia barua mdhamini wangu. Nilipokwenda dirishani kuomba muda, akanikabidhi mimi ile bahasha.

"Mpelekee mwenyewe, mwalimu," alisema. "Barua kama hii ikipelekwa na mhudumu inavunja watu. Ana siku kumi na nne. Mkija wote wawili ndani ya siku hizo, deni tunalipanga upya, unalipa kidogo kidogo. Zikipita, tunachukua akiba yake yote. Mpe leo leo."

Hiyo ilikuwa Jumanne, siku kumi na moja kabla ya semina. Kila asubuhi niliondoka nyumbani na ile bahasha, na kila jioni nikarudi nayo. Sikuifungua. Haikuwa yangu, na nilijiambia kwamba huo ndio uaminifu pekee uliobaki kwangu. Nilihesabu Jumanne mpaka Jumanne, nikaona bado ninazo siku tatu za kutafuta muujiza.

Mdhamini huyo alikuwa ameketi mstari wa mbele, na rula yake mezani.

Tunamwita Bibi Ramani kwa sababu amefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Aliponipokea hapa shuleni nilikuwa msichana mwembamba mwenye begi moja, akanipa kitanda kwake mpaka nilipopata chumba. Mwisho wa mwezi huu anastaafu, na siku hiyohiyo anatakiwa kurudisha ufunguo wa nyumba ya shule. Ana kibanda chake alichokijenga polepole, kuta nne na madirisha, hakina paa. Paa lilikuwa ndani ya akiba yake ya chama.

Na alinidhamini vipi? Kama tunavyodhaminiana wote. Fomu huzunguka chumba cha walimu wakati wa chai, kati ya sukari na vikombe, na anayeombwa anatia saini. Hakuna anayesoma. Kusoma fomu ya mwenzako ni kumwambia usoni kwamba humwamini, na ukishafanya hivyo, siku fomu yako ikizunguka utatafuta kalamu peke yako. Siku ile hakuwa hata na miwani. Aliuliza, "Ya nani?" Nikasema, "Yangu, mama." Akasema, "Basi lete."

Saa tatu na nusu, tukiwa bado kwenye mapato, Bibi Ramani alinyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Mwalimu, samahani kwa kuruka. Nikimdhamini mtu, naye akashindwa, inakuwaje?"

Nilimtazama nikitafuta kama anajua. Hakujua. Alikuwa anauliza kwa sababu ameliona neno ubaoni, basi.

"Dhamana ni somo la sita, mama," nilisema. "Tutalifikia."

"Haya, nasubiri," alisema, akaliandika swali lake pembeni ya daftari lisije likasahaulika.

Niliendelea. Nilichora jedwali la matumizi ya kaya, nikawaambia watu waweke kando fungu la dharura kabla ya kununua chochote. Sauti yangu ilikuwa nzuri, hata mimi niliisikia. Simu ilikuwa ikitetemeka kwenye mkoba, namba ngeni baada ya namba ngeni, wale wa mikopo ya simu wasiojua Jumamosi wala Jumapili. Nilijichukia vibaya sana. Ningeweza kuwafundisha watu wale mpaka jioni, na kila neno lingekuwa la kweli isipokuwa mimi niliyelisema.

Wakati wa chai aliniletea kikombe mwenyewe.

"Kunywa, mwanangu, koo litakukauka. Unajua fundi wangu wa mabati ameshapima? Anasema siku tatu tu anamaliza. Nimemwambia asubiri nistaafu, chama wanipe changu."

"Mama," nilianza.

"Nini?"

Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Halafu mkuu wa shule akapita akinipongeza, akasema wazazi wamefurahi na semina nyingine nitapewa mimi. Nikameza.

"Sukari imekolea," nilisema.

Somo la sita lilianza saa sita kasoro dakika ishirini. Nilisoma karibu neno kwa neno kutoka kitabuni, macho chini: mkopaji akishindwa, mdhamini hulipa, na akiba yake hushikiliwa. Kisha kitabu kikanitaka niulize maswali mawili. Nikauliza ni wangapi wamewahi kumdhamini mwenzao. Walimu wote wakanyoosha mikono. Nikauliza ni wangapi waliisoma fomu. Mikono ikashuka yote, na fundi baiskeli akapiga kofi kwenye paja.

"Kumbe walimu nanyi mnasaini kama sisi!"

Bibi Ramani alicheka mpaka akavua miwani. "Na mdhamini anaarifiwa vipi?" aliuliza.

"Kwa barua."

"Afadhali. Mimi sijapata barua yoyote."

Akaandika jibu langu chini ya swali lake na kulipigia mstari.

Tulimaliza, watu wakajaza fomu za tathmini, wakaziweka mezani na kutoka. Mkuu wa shule alinipa bahasha ya posho. Bibi Ramani alikuwa wa mwisho, anakusanya kalamu zake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeyaficha mpaka yananuka. Nilifunga mlango. Nikamwekea barua mezani.

"Nisamehe, mama. Ni yako."

Aliifungua bila haraka. Aliweka rula chini ya mstari wa kwanza akasoma, akaishusha, akasoma, mpaka chini kabisa. Kisha akaipandisha rula tena mpaka juu.

"Siku kumi na nne," alisema, "kuanzia tarehe ya barua."

"Mpaka Jumanne, mama. Tunazo siku tatu. Jumatatu asubuhi twende wote, watalipanga upya, nami nita..."

"Tarehe ya barua, mwanangu. Siyo tarehe uliyopewa." Alinigeuzia karatasi. Karani aliiandika Jumamosi. Mimi nilipewa Jumanne iliyofuata. "Ya kumi na nne ni leo. Wanafunga saa ngapi leo?"

Nilijua. Kila mwanachama anajua.

"Saa sita."

Tukatazama saa ya ukutani juu ya kabati la vitabu. Ilikuwa sita na robo. Ofisi ya chama iko mwendo wa dakika kumi kutoka getini kwetu.

Mwalimu wa hesabu. Nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi na kulia bila aibu. Nilimsukumia ile bahasha ya posho, akairudisha kwa rula yake, hakutaka hata kuigusa.

"Hiyo ni ya chama. Usinipe mimi." Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya kufundishia, "Nilipokuuliza asubuhi, ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alikwenda kwenye rundo la fomu za tathmini, akaichomoa ya kwake, akaandika kitu akiwa amesimama, akairudisha. Akajifunga kitambaa chake kichwani, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona akishika njia ya ofisi ya chama, ingawa alijua imefungwa, akitembea haraka kuliko umri wake.

Fomu zile ilikuwa kazi yangu kuzijumlisha. Kwenye swali la mwisho, nini kiboreshwe, Bibi Ramani alikuwa ameandika: Hakuna, mwalimu ni hodari. Maneno hayo aliyakata kwa mstari mmoja ulionyooka. Chini yake, kwa mwandiko wake uleule wa ubaoni, aliandika: Somo la sita lingekuwa la kwanza, ningewahi.