Filta ya Randi Arobaini

Kang'ethe alikuwa amemwonya. Mkenya yule, mfanyakazi wa benki, aliyependa kamera kuliko usingizi, alimwambia Firmin waziwazi kwamba filta ya randi arobaini ni kioo cha dirisha kilichokatwa mviringo, na kwamba rahisi huvunja upishi. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Firmin akainunua kwa mchuuzi wa kando ya barabara, pale mtaani Berea, akaifunga mbele ya lenzi kwa fahari ya mtu aliyewashinda wenye maduka.

Kioo kilikuwa na umanjano kidogo. Firmin aliuona, akajiambia macho yatazoea.

Kazi ya kwanza ya filta ile ikawa kupiga picha kitenge cha bluu, sare ya harusi ya dada yake Carmel. Picha ilipaswa kwenda Lubumbashi, ili ukoo wa bwana harusi ununue kitambaa hicho hicho na kuja umekivaa. Bluu ilipopita kwenye ule umanjano ikatoka kijani, na kijani ndicho kilichotumwa. Nao, watu watiifu, wakakitafuta sokoni mpaka wakakipata.

Siku ya harusi ukumbi ukagawanyika, bluu huku, kijani kule. Tantine Arlène, shangazi aliyemlea Carmel, alikataa kuketi.

"Bametuzarau," alisema. "Ndoa hakuna. Mutoto atarudi nyumba."

Mama wa bwana harusi akaonyesha picha kwenye simu, akaapa kwamba wamenunua walichotumiwa. Carmel akaanza kulia ndani ya shela. Firmin aliona aibu. Angeweza kusingizia simu, na nusu ya ukumbi ingemwamini, lakini kilio cha dada yake kilimshinda. Akaifungua filta kwenye kamera.

"Tantine, haiko bakwe. Ni miye. Angalia."

Arlène akakiweka kioo jichoni. Akawatazama ndugu zake: kijani. Akawatazama wakwe: kijani. Akakishusha kioo.

"Kumbe tumevaa sare," alisema, akaketi.

Kioo hakukirudisha. Kilipita mkono kwa mkono, foleni yake ikaizidi ya chakula, na mchungaji mwenyewe akafungisha ndoa amefumba jicho moja. Kupitia kioo kile gauni la Carmel lilikuwa na rangi ya siagi, lakini nani alijali? Msichana alikuwa anaolewa.

Ikabidi picha zipigwe kwa filta ya Kang'ethe, ya randi elfu mbili, ambayo mwenyewe, akiwa miongoni mwa waalikwa, aliitoa mfukoni kwa hisani na majivuno. Zikatoka safi ajabu.

Jumapili iliyofuata Firmin alimpelekea shangazi yake albamu, na Kang'ethe akafuatana naye ili asikie sifa kwa masikio yake. Arlène akafunua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Bluu huku, kijani kule, kila uzi unahesabika. Akaifunga albamu.

"Hii haiko harusi yetu," alisema. Kisha akamgeukia Kang'ethe kwa upole, kama anayempa pole mfiwa. "Baba, hii kioo yako ulinunua wapi? Balikuibia."